Vidonda Ambavyo Hawakuja Navyo

Baada ya vita, sisi wauguzi wa Bunia tulidhani macho yetu yamemaliza kushangaa. Tulikuwa tumeshona watu waliokatwa kwa panga, tumeosha watoto waliotolewa kwenye nyumba zinazowaka, tumewafumba macho jirani zetu wenyewe waliokufa. Ilipofika ile miaka ambayo watu waliiita amani, huku wakigeuka kwanza kuangalia nyuma kabla ya kulitamka neno hilo, nilifikiri kazi yangu sasa itakuwa malaria, uzazi, na vijana walioanguka na pikipiki siku ya Jumapili. Sikujua kwamba jambo litakalonitoa usingizi kuliko yote lilikuwa limelala kimya chini ya shuka, umbali mfupi tu kutoka wodi ya watoto niliyokuwa nikifanyia kazi.

Asubuhi moja mganga mkuu aliniita ofisini kwake pamoja na mwenzangu wa wodi ya watoto. Watu waliokuwa wakitupatia dawa na magodoro walitaka kujua kama uuguzi wetu ni mzuri, na walikuwa wameuliza habari ya jambo moja: vidonda vya kulala. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, akilazwa upande mmoja muda mrefu, nyama yake inabanwa kati ya mfupa na godoro mpaka damu haipiti. Ngozi inakuwa nyeusi zaidi, inakuwa ya moto, halafu inafunguka. Muuguzi akimgeuza mara kwa mara, kidonda hakiji. Ndiyo maana wanaotaka kujua habari za wauguzi wanauliza kwanza habari za makalio na visigino.

"Hapa kwetu hakuna shida," mganga mkuu alisema. "Kila mwezi tunaandika sifuri. Mukusanye tu ile iko kwenye mafishi, mutie mu ordinateri, mutulete."

Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimetoka masomoni, ambako nilijifunza kupanga habari za wagonjwa kwenye ordinateri, yaani kompyuta. Mwenzangu alichaguliwa kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye vibonyezo na alikuwa hachoki. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa, na kicheko chake kilisikika mpaka jikoni.

Lazima niseme jambo lingine juu yake. Bunia ya wakati ule ilikuwa na pande mbili. Sitazitaja kwa majina, maana hata sisi hatukuzitaja. Tulisema "wale", tukanyoosha kidevu kidogo, na kila mtu alielewa. Mimi nilikuwa wa upande mmoja, yeye wa upande mwingine. Vita vilipozidi, yeye alikimbilia milimani kwa wazazi wake, mimi nikavuka kwenda Uganda na watoto. Tuliporudi tulikutana mlangoni pa wodi, tukashikana mikono, tukaulizana habari za nyumbani kama watu waliotoka likizo. Tangu siku hiyo tulikuwa tumegawana sabuni, tumegawana mihogo ya kuchemsha, tumeshika pamoja watoto wanaokata roho. Lakini habari ya vita hatukuigusa hata siku moja.

Tulianza na mafishi, zile karatasi za wagonjwa. Tulisoma kutwa nzima. Kwenye fishi ya kila mgonjwa kulikuwa na mahali pa muuguzi kuandika hali ya siku, na karibu kila mahali palikuwa na herufi zilezile tatu, RAS. Ni kifupi cha Kifaransa: hakuna la kusema. Mtu aliyevunjika mgongo, RAS. Mzee aliyepooza, RAS. Mwanamke ambaye hajasimama tangu mvua zilipoanza, RAS, RAS, RAS, mpaka karatasi inaisha.

Mwenzangu aliegemea kiti, akacheka.

"Yaya, hospitali nzima hii haiko na hata kisigino kimoja kibaya? Kisigino changu mwenyewe kiko na ufa."

"Pengine wanafanya kazi muzuri."

"Pengine." Akaacha kucheka. "Twende tuangalie wagonjwa."

Haikuwa sehemu ya kazi tuliyopewa, lakini hakuna aliyetukataza. Tulichukua glovu tukaenda jengo la upasuaji, upande wa wanaume. Kulikuwa na mama mmoja ameketi kwenye mkeka mlangoni, anachambua sombe, majani ya mihogo. Alikuwa wa upande wangu, aliyekimbia Aveba wakati wa vita, anamlinda kijana wake aliyevunjika paja. Akatuuliza tunatafuta nini. Mwenzangu, bila kufikiri, akamjibu kwa jina letu la kazini la vidonda vya kulala, lile la Kifaransa:

"Tunatafuta eskari, mama."

Yule mama alimwaga sombe yote. Alisimama, akaingia mbio ndani, akajitupa juu ya kitanda cha kijana wake kama mtu anayefunika moto. "Askari!" alilia. "Wamerudi! Wako mlangoni!" Wagonjwa waliokuwa na miguu wakaanza kutafuta madirisha. Ilitubidi tuvue glovu, tuonyeshe mikono yetu mitupu, tupige kelele kwamba ni kidonda, mama, ni jina la kidonda tu. Mwishowe watu wakacheka, tena sana, kama watu wanavyocheka baada ya hofu. Nilijiuliza ni amani ya namna gani hii, ambayo neno moja lililosikika vibaya linaivunja.

Kitanda cha karibu na kijana wa Aveba kilikuwa na mtu mmoja ambaye hakukimbia wala kucheka. Alikuwa analala chali, anaangalia bati. Alikuwa wa milimani karibu na Kpandroma, mlimaji wa viazi. Kamio, yaani lori, iliyobeba viazi vyake na yeye mwenyewe ilipinduka, mgongo ukavunjika, na tangu siku hiyo miguu yake ilikuwa imekufa. Aliposikia sauti ya mwenzangu alijua ni mtu wa kwao. Wakasalimiana kwa lugha yao. Halafu akanigeukia mimi kwa adabu.

"Karibuni, waganga. Leo nimepata wageni."

"Tunataka kukugeuza kidogo, papa. Tuangalie mugongo."

"Mugeuze tu. Miye huku chini sisikie kitu."

Mwenzangu alishika mabega, mimi nikashika nyonga. Shuka ilikuwa imeshikamana na mwili. Ilipoachia, harufu ilitoka, na nikaona.

Nimeona mengi, nimesema. Hata hivyo nilishika chuma cha kitanda. Juu ya makalio, mahali uti wa mgongo unapoishia, hapakuwa na ngozi wala nyama. Palikuwa na shimo ambalo ngumi yangu ingeingia, kingo zake nyeusi, na ndani kabisa mfupa mweupe. Visigino vyote viwili vilikuwa vimeoza. Nilitazama fishi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Asubuhi hiyo hiyo mtu alikuwa ameandika RAS.

Mama wa Aveba alikuwa amefunika pua kwa kitenge chake. "Kumbe ni hii," alisema. "Siye tulifikiri ni panya wamekufia huko juu kwenye bati. Tuliomba wapande wawatoe."

Yule mtu alikuwa ameegemeza uso kwenye mkono wa mwenzangu. Akauliza polepole:

"Ile harufu... ni miye?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwa majuma yote yale alikuwa analalamika pamoja na wengine juu ya panya, na hakujua kwamba anaoza. Mwenzangu ndiye aliyejibu, kwa lugha yao, na sikuelewa alichosema, ila niliona machozi ya mgonjwa yanashuka upande, yanapita juu ya pua, yanaingia kwenye shuka. Tulisafisha kidonda, tukamlaza ubavu, tukaenda nje. Mwenzangu aliinama nyuma ya jengo akatapika.

"Hakuja nayo," alisema alipoinuka. "Yaya, alikuja na mugongo tu. Hii tulimupatia siye."

Tukaendelea. Jengo kwa jengo, kitanda kwa kitanda, tuligeuza kila mtu asiyeweza kujigeuza. Tulieleza kazi yetu kwa Kiswahili cha wazi kabla ya kuingia, tusiwatishe watu tena. Hospitali iliyokuwa ikiandika sifuri ilikuwa na vidonda kila upande: vingine ni alama nyeusi tu, vingine vimefunguka, vingine vinafika mfupani. Karibu vyote vilizaliwa humo humo ndani, chini ya bati letu, juu ya magodoro yetu. Tulitia kila mgonjwa tuliyemgeuza kwenye ordinateri, hata asiye na kidonda: ana umri gani, alilazwa kwa nini, kidonda kama kipo kiko wapi, kina ukubwa gani, mgonjwa ametoka wapi. Hiyo ya mwisho tuliiweka kwa sababu iko kwenye kila fishi. Hatukuifikiria mara mbili.

Ilikuwa mchana, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani, tulipoanza kuzipanga habari zile. Mwenzangu alipanga kwa umri. Wazee walikuwa wengi kidogo, ilieleweka. Akapanga kwa ugonjwa. Waliopooza walitangulia, hiyo nayo ilieleweka. Halafu akapanga kwa kolone ya mwisho, safu ya mahali walikotoka.

Vidole vyake vilisimama kwenye vibonyezo. Nilivuta kiti changu karibu. Vijiji vilishuka kwenye kioo kimoja baada ya kingine, na mtu yeyote wa Ituri angevijua ni vya nani. Wenye ngozi nzima walikuwa karibu wote wa upande wangu. Wenye vidonda, isipokuwa wachache, walikuwa wa upande wake.

Wauguzi wengi wa hospitali ile walikuwa wa upande wangu. Ndivyo mji ulivyobaki baada ya vita, kila upande na mitaa yake. Niliwaona kichwani mmoja mmoja, wanawake ninaoimba nao kanisani, na nikajaribu kumwona mmoja wao akipita karibu na kitanda cha yule mlimaji, anamtazama, na kuendelea na safari yake kwa makusudi. Sikuweza. Halafu nikaweza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Pengine kuko sababu ingine," nilisema.

Mwenzangu hakuondoa macho kwenye kioo.

"Wenu," alisema.

"Nini?"

"Ni wenu wanafanya hivi."

Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniambia neno hilo. Lilikuwa neno dogo, hakulitamka kwa hasira, lakini lilinipiga kama mlango. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni yuleyule wa sabuni na mihogo. Nilitaka pia, na ninasema ukweli, kumwuliza nani alichoma nyumba ya baba yangu. Yeye alizima ordinateri, akavaa koti lake la mvua, akatoka.

Siku zilizofuata alinisalimia kama mtu anavyomsalimia polisi kwenye kizuizi. Nami sikuweza kuacha kufikiri. Nilirudi wodini peke yangu, bila karatasi, nikitembea tu kati ya vitanda. Ndipo nilipoanza kuangalia chini ya vitanda.

Chini ya kitanda cha kijana wa Aveba kulikuwa na sufuria mbili, mkeka uliokunjwa, jiko la makaa, ndoo, na kiatu cha mama yake. Chini ya kitanda cha mlimaji wa viazi kulikuwa na beseni la haja tu. Nikaenda kitanda cha pili, cha tatu. Mahali palipokuwa na sufuria, ngozi ilikuwa nzima. Mahali palipokuwa na sakafu tupu, kulikuwa na kidonda.

Kwetu mgonjwa hakai hospitalini peke yake. Anakuja na mlinzi wake, ambaye tunamwita gadimaladi: mama, mke, dada, mtu wa kupika, kuosha, kumsaidia kwenda haja, kumgeuza. Sisi wauguzi tunapiga sindano, tunabadilisha bandeji, tunaandika. Ni desturi ya zamani kiasi kwamba hakuna aliyeiona tena.

Nilitafuta wale wachache ambao hawakufuata mpango wa vijiji. Kulikuwa na mchuuzi wa Ariwara, hana upande wowote katika ugomvi wetu, aliyeshikwa na kiharusi sokoni mbali na watu wake: chini ya kitanda, hakuna kitu, kwenye nyonga, kidonda. Na kulikuwa na mwanamke wa upande wa mwenzangu, amepooza toka kiunoni, ambaye dada yake alithubutu kuja naye. Dada huyo alilala chini ya kitanda na hakutoka nje ya uzio wa hospitali hata kwenda sokoni, akiogopa lugha yake isije ikasikika. Ngozi ya mgonjwa wake ilikuwa laini kama ya mtoto.

Nilimkuta mwenzangu kwenye bomba anaosha mikono. Nilimweleza yote, maneno yakikimbizana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna mutu aliyefanya kwa kusudi," alisema.

"Sikuona mutu. Niliona tu kwamba wale wenye vidonda hawana wa kuwageuza."

"Na juu ya nini hawana?"

Niliangalia maji ya bomba.

"Sema, Yaya. Juu ya nini wa kwetu hawana gadimaladi?"

"Wanaogopa kuja."

"Wanaogopa kupita mitaa yenu." Alifunga bomba. "Basi niliposema wenu, sikukosa sana." Halafu akafuta mikono kwenye suruali, akaongeza kwa sauti nyingine: "Lakini na weye, na miye, na wale wote wanavaa bluzi nyeupe, tulipewa kazi ya nini? Kama mama wa mutu ndiye anafanya uuguzi, siye tunaitwa nani?"

Ilikuwa kweli, na ilinishtua kuliko ile orodha ya vijiji. Tulikuwa tumeombwa kupima uuguzi wa hospitali, na tulichokipima ni nani ana mama karibu. Mgonjwa mwenye mama alipona sisi tukiandika RAS. Asiye na mama alioza sisi tukiandika RAS.

Tulipeleka habari zetu kwenye mkutano wa wakubwa. Mganga mkuu, mama mkubwa wa wauguzi, na sisi wawili. Mwenzangu aligeuza ordinateri wakaona. Mama mkubwa wa wauguzi alikuwa mwanamke aliyebaki hospitalini wakati wa vita vyote, akizalisha wanawake huku risasi zinapita, na hakuna aliyethubutu kumwambia hafanyi kazi. Uso wake ulijaa damu.

"Munanionyesha nini? Usiku wauguzi wangu wako wawili kwa jengo nzima. Wawili! Nani atageuza watu wote hawa? Na hii kolone ya vijiji, munataka kusema siye ni wauaji?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mama," nilijibu.

"Kolone imesema!"

Mganga mkuu alikuwa amepauka. Hakuuliza habari ya vidonda. Aliuliza kama kuna mtu mwingine ameiona hiyo orodha. Tukasema hapana. Akamwambia mwenzangu afute ile kolone palepale. Nilitegemea mwenzangu akatae. Nilikuwa nimejiandaa kusimama upande wake. Badala yake alinyoosha kidole akabonyeza, na vijiji vyote vikapotea.

Nilimfuata nje. "Juu ya nini umekubali?"

"Yaya, hii karatasi ikitoka hapa na vile vijiji, kesho kuko watu watakufa kwa panga juu ya vidonda. Weye unajua." Aligeuka kuangalia mlango. "Nimetia kolone ingine. Iko na mulinzi, haiko na mulinzi. Inatosha kugeuza mutu."

Sijui mpaka leo kama alifanya vizuri. Kuna siku ninasema ndiyo, kuna siku ninasema tulificha.

Mama mkubwa wa wauguzi alikaa na hasira yake siku chache. Halafu asubuhi moja alikwenda mwenyewe kumgeuza yule mlimaji wa viazi. Alitoka humo bila kusema na mtu, na mchana huo alitukusanya wauguzi wote uani. Aliagiza kwamba asiye na mlinzi, mlinzi wake ni muuguzi. Kila baada ya saa chache mtu angepiga kipande cha rimu ya gari kilichotundikwa kwenye nguzo, na tungepita wawili wawili kugeuza. Hatukuwa na mito; tulishona vitenge vikuukuu tukavijaza pamba ya miti na majani makavu ya migomba. Neno RAS lilikatazwa. Aliyeandika hivyo alilazimika kurudi, kumgeuza mgonjwa, na kuandika alichokiona.

Haikuwa rahisi. Migongo yetu iliuma. Wengine walinung'unika kwamba tumewaletea kazi ya mashambani. Nami nilimwendea yule mama wa Aveba, ambaye alikuwa pale kutwa, mikono yake karibu kabisa na kitanda cha mlimaji. Nilimwomba atusaidie kumgeuza wakati rimu ikipigwa nasi tukichelewa.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Miye nishike huyu mutu? Wa kwao walichoma nyumba yangu na bibi yangu ndani. Hapana, mama munganga. Usiniombe hiyo."

Alisema hivyo mgonjwa akisikia. Niliondoka na aibu usoni. Mlimaji alifumba macho.

Hakumshika. Kwa muda wote alioishi pale, hata kidole hakumgusa. Lakini siku moja nilikuwa napita uani nikasikia sauti yake kali kutoka mlangoni: "Ninyi waganga! Saa ya huyu mutu imepita! Rimu imelia zamani, munakunywa chai!" Wauguzi wawili wakatoka mbio. Tangu hapo ilikuwa hivyo. Alikuwa haangalii kitanda kile, anageukia ukuta, anachambua sombe yake, na sisi tukichelewa kidogo tu analia kama king'ora. Mlimaji aliniambia kwamba usiku akishtuka na kukohoa, mama huyo huuliza gizani, kwa ukali, "Umegeuzwa?" naye hujibu, "Nimegeuzwa, mama." Hawakuwahi kusema neno lingine.

Kidonda cha mlimaji kilianza kuota nyama nyekundu. Kiliziba polepole mno, lakini kiliziba. Barabara ilipotulia kidogo, kaka yake alishuka na kamio kutoka milimani, mtu mrefu aliyevaa kofia ya sufu, anayegeuka kila anaposikia hatua nyuma yake. Mwenzangu alimfundisha kugeuza, na mimi nikamfundisha kuosha. Alijifunza kwa bidii ya mtu anayejua kwamba hataweza kurudi kuuliza, halafu akamrudisha ndugu yake milimani.

Tulihesabu tena baada ya msimu. Vidonda vipya vilikuwa vimepungua sana kwa wale wasio na walinzi. Nilikuwa karibu kufurahi, tukafika kwenye kitanda cha bibi mmoja wa upande wangu, mwenye mabinti wanne wanaopokezana kumlinda, wanamwimbia, wanampaka mafuta, sufuria zimejaa chini ya kitanda. Nilitaka kumpita. Mwenzangu akasema tumgeuze. Nyonga yote ilikuwa imefunguka.

"Anaumia tukimugusa," binti mkubwa alisema, akilia kwa mshtuko. "Anatuomba tusimusukume. Tungefanya namna gani? Ni mama yetu."

Walikuwa wamemwacha alale alivyotaka, kwa mapenzi. Kolone ya mwenzangu ilisema ana mulinzi, kwa hiyo hakuna muuguzi aliyefika. Tulipomgeuza alipiga kelele, na mabinti wake wakatulaani kwa lugha yangu mwenyewe. Bibi huyo alifariki. Baada yake tulianza kugeuza kila mtu, awe na watu au asiwe nao.

Miaka ilipita. Mwenzangu alihamishiwa Ariwara. Halafu milima ya Djugu, kule alikotoka mlimaji, ikaanza kuwaka upya kwa vita, na Bunia ikajaa watu waliokimbia, wamelala chini ya maturubai. Nilitumwa kambini kuangalia wagonjwa. Katikati ya mahema nilisikia mtu ananiita munganga. Alikuwa yule kaka mwenye kofia ya sufu, amezeeka. Chini ya turubai nyuma yake alilala mlimaji wa viazi.

Nilipiga magoti. Nilijua nitakachokikuta: siku nyingi porini, mvua, amebebwa kwenye toroli ya mbao. Nilimgeuza ubavu nikafunua nguo.

Palikuwa na kovu pana, limekauka, linang'aa. Visigino vilikuwa vizima. Niliangalia mara mbili, nikapapasa kwa kidole, kwa sababu sikuamini.

"Namna gani?" nilimwuliza kaka yake. "Njiani mulifanya namna gani?"

"Tulikuwa tunasimama," alisema. "Tunamushusha, tunamugeuza, tunamubeba tena. Watu walikuwa wanatukemea: munasimama juu ya nini, hamusikie risasi? Lakini saa yake ilikuwa imefika."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, anafunga kamba ya turubai. Ndugu yake alikuwa amelala ubavu kwenye udongo mtupu, ananitazama.

"Mama munganga," aliuliza, "kuko godoro?"

Hakukuwa nalo kambini. Nikainuka, nikaenda kulitafuta mjini.